Linux kwenye diski ya nje ya USB: leo inawaka, kesho inapitiliza Windows. Watu wa Nyanda za Juu tusaidiane

#1 MwanaUyole
Wakuu, heshima kwenu.

Nina steshenari ndogo hapa Uyole: kuchapa, kutoa kopi, kujaza fomu za mtandaoni. Laptopu ya kazi ni ya mtumba, prosesa Intel kizazi cha 6, RAM GB 8, Windows 10. Apdeti za Windows 10 zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Mashine yenyewe bado nzima, sioni sababu ya kuitupa.

Windows siwezi kuifuta. Programu ya mahesabu iko humo na mashine ya kopi inaitegemea. Kwa hiyo nimefunga Linux Mint 22 (mfumo endeshi mwingine badala ya Windows) kwenye SSD ya nje ya GB 240, iko ndani ya kava la USB 3.0. Hii siyo flashi ya kujaribia, nimeifunga kabisa kama inavyofungwa kwenye diski ya ndani. Kazi zote za intaneti nataka zifanyike huko, kwa sababu flashi za wateja zimejaa virusi vya Windows.

Shida ni hii. Kuna asubuhi nawasha, menyu ya GRUB (ile inayouliza uwashe Mint au Windows) inakuja vizuri, nachagua Mint, kazi inaendelea. Kuna asubuhi inapitiliza Windows kama vile hakuna diski iliyochomekwa. Nikiita orodha ya diski za kuwashia, jina la Mint mara lipo, mara halipo. Nyongeza: saa ya Windows inarudi nyuma. Saa mbili asubuhi yenyewe inaonyesha saa kumi na moja alfajiri, na risiti za wateja zinatoka na saa hiyo.

Nini kinakula menyu yangu?

#2 Kiazi_Mviringo
Kamwene mkuu. Hiyo ni betri ya CMOS, haina mjadala. Saa kurudi nyuma na BIOS (programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows) kusahau mpangilio ni dalili za betri ya ubaoni kufa. Mtumba wowote ukiununua, jambo la kwanza badilisha ile CR2032. Bei yake ndogo, fundi yeyote Mwanjelwa anayo.

#3 Chuo_Iyunga
@Kiazi_Mviringo hapana kiongozi, soma vizuri alichoandika. Saa mbili imesoma saa kumi na moja. Hayo ni masaa matatu kamili. Betri iliyokufa hairudishi saa nyuma kwa masaa matatu, inairudisha kwenye tarehe ya zamani kabisa, unakuta mashine inasema 2015 na tovuti zote zinakataa kufunguka.

Masaa matatu ni tofauti yetu na UTC, saa ya kimataifa. Linux inaandika UTC kwenye saa ya ubao, halafu inajumlisha tatu ikikuonyesha. Windows inaamini saa ya ubao ndiyo saa ya hapa hapa. Ukitoka Mint kuingia Windows, unaona pungufu ya matatu. Ukiwa Mint fungua teminali, andika:

timedatectl set-local-rtc 1

Hapo mifumo yote miwili itasoma saa moja. Linux yenyewe itakuonya kwamba haipendi mpangilio huo, lakini kwetu ambako saa haibadilishwi kwa majira, hautakusumbua. Saa na menyu ni matatizo mawili tofauti, usiyafunge kwenye kamba moja.

#4 BaridiYaMakete
Mimi naona mnaikwepa baridi. Jamaa yuko Uyole. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi pale vidole vinakataa kubonyeza. Betri ikipoa volti zinashuka, ubao unasahau. Jua likipanda, mashine inakumbuka. Ndiyo maana anasema asubuhi.

#5 Fundi_Mafiati
@BaridiYaMakete ndugu yangu, CR2032 nyingi zimepangiwa kufanya kazi kutoka nyuzi 30 chini ya sifuri hadi 60 juu. Uyole bado hatujafika huko, hata Kitulo penyewe pakiwa na sakitu.

Mkuu MwanaUyole, jibu haya kabla hatujaendelea:
Unapozima jioni, unatoka ukiwa Windows au Mint?
Ukibonyeza Restart badala ya Shut down, menyu inakuja?
Diski inalala imechomekwa?

Naulizia hivyo kwa sababu ya Fast Startup. Kuanzia Windows 8, ukibonyeza Shut down mashine haizimi kikamilifu, inaiweka kiini cha Windows usingizini kwenye faili ili kesho iwake haraka. Restart ndiyo inazima kweli. Hilo pia ndilo linalofanya patisheni (sehemu ya diski) ya Windows isomeke tu bila kuandikika ukiwa Linux. Kuna wengine wanachanganya na Fast Boot, ambayo iko ndani ya BIOS: hiyo inaruka ukaguzi wa vifaa vya USB wakati wa kuwasha. Zote mbili zizime.

#6 MwanaUyole
Asante Fundi.
1. Mara nyingi natoka nikiwa Windows, jioni ndiyo nafunga mahesabu.
2. Restart inaleta menyu, ila siyo kila mara.
3. Diski hailali dukani. Naondoka nayo kwenye begi kwa sababu ya wezi. Na kuna jambo sikulisema: kijana wangu wa kazi ndiye anafungua duka. Mimi nikichelewa, yeye anawasha Windows anaanza kutoa kopi, diski inafika baadaye.

@Chuo_Iyunga amri ya saa imekubali. Risiti za leo zimetoka na saa sahihi. Ubarikiwe.

#7 Mkwawa_Admin
Hapo kwenye namba 3 ndipo jibu lilipo. Niko Iringa, nasimamia maabara ya kompyuta ya shule, na hili nalijua.

Mashine za UEFI (BIOS ya kisasa) zina kumbukumbu ndogo ubaoni, NVRAM. Mint ilipofungwa iliandika humo mstari wake: "nenda diski fulani, patisheni fulani, faili fulani". BIOS za baadhi ya laptopu zikiwaka bila kuiona diski hiyo, zinaufuta mstari kwa kuuhesabu umekufa. Kijana anapowasha bila diski, mstari unapotea. Wewe ukija na diski, hakuna anayeikumbuka. Siku ambayo umewahi wewe, mstari upo, menyu inakuja.

Dawa: usitegemee NVRAM. UEFI ina njia ya akiba kwa vifaa vya kuchomoa: ikikuta faili \EFI\BOOT\BOOTX64.EFI ndani ya patisheni ya FAT32 kwenye diski, inaweza kuibuti bila kuandikiwa chochote. Ukiwa Mint, ifunge GRUB upya kwa grub-install ukiongeza --removable, ukiielekeza kwenye patisheni ya EFI ya ile SSD.

Lakini kagua kwanza patisheni ya EFI unayotumia ni ipi! Kisakinishi cha Ubuntu na cha Mint kina tabia inayojulikana ya kuweka kibuti chake kwenye patisheni ya EFI ya diski ya ndani hata kama umechagua diski ya nje. Matokeo yake unachomoa SSD, mashine inakuonyesha grub> na mshale, haiendi kokote. Andika efibootmgr -v utaona imeelekezwa wapi.

#8 Fundi_Mafiati
@Mkwawa_Admin maelezo yako mazuri lakini hayafuniki kila kitu. Amesema Restart pia mara nyingine inagoma, wakati diski imechomekwa. Mstari ungekuwa umefutwa, ungebaki umefutwa mpaka mtu auandike tena. Haujirudishi. Yeye anasema jina linapotea na kurudi lenyewe.

Mimi nashuku kava na waya. SSD ndani ya kava la bei ya chini inachelewa kuamka, BIOS inauliza "nani yupo?", diski haijajibu, BIOS inasonga mbele. Nimekutana na makava ya aina hiyo mengi kwenye meza yangu. Mkuu jaribu tundu jingine la USB, hasa lile la USB 2.0 kama lipo. Litakuwa na kasi ndogo, Mb 480 kwa sekunde badala ya Gb 5, lakini kwa kupima linatosha. Na usipitishe kwenye habu.

#9 Mkwawa_Admin
@Fundi_Mafiati BIOS nyingine zinaurudisha mstari zenyewe zikikuta faili kwenye njia ya akiba. Kwa hiyo kujirudisha kupo.

#10 Fundi_Mafiati
Kama faili ya akiba ipo tayari, basi dawa yako ya --removable imeshafanyika na bado anaumwa. Chagua moja.

#11 Mama_Mwanjelwa
Wanangu samahani naingilia. Binti yangu anasoma uhandisi, mwaka wa pili, laptopu yake ni moja tu na anaihitaji AutoCAD. Mwalimu wao wa programu anataka wawe na Linux. Flashi ya GB 32 inatosha? Au mpaka diski kama ya huyu bwana?

#12 Chuo_Iyunga
Shikamoo mama. AutoCAD haina toleo la Linux, kwa hiyo Windows ibaki ilipo, asidanganywe na mtu akaifuta.

Flashi inatosha kwa kuanzia, ila kuna namna tatu na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuiwasha Linux moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kufunga chochote: ukizima, ulichofanya kinapotea. Ya pili ni hiyo hiyo yenye sehemu ya kuhifadhi: Rufus ina kitelezi cha kuchagua GB ngapi ziwe za kuhifadhi, na inafanya kazi kwa Ubuntu, Mint na Debian. Hii ndiyo ingemfaa binti. Ya tatu ni kufunga mfumo mzima kwenye flashi. Hiyo simshauri. Flashi za kawaida zinachoka kwa kuandikwa andikwa na ni nzito kama kupanda Kawetere na mzigo wa ndizi.

Ventoy nayo nzuri: unaiweka kwenye flashi mara moja, halafu unakopi ISO (faili la kufungia Linux) humo kama faili la kawaida, hata nne tano, ukiwasha unachagua.

#13 Kiazi_Mviringo
Mama, flashi uinunue kwa mtu unayemjua. Kuna flashi zimeandikwa GB 64 na ndani ni GB 8. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, ukija kufungua ni takataka. Ipimwe kwanza, kwa H2testw ukiwa Windows au f3 ukiwa Linux. Naamini nusu ya watu wanaosema "Linux imegoma" wamegomewa na flashi.

#14 Mama_Mwanjelwa
Asanteni sana wanangu. Na hiyo ISO anaipata wapi? Bando linaumiza.

#15 Mkwawa_Admin
Mint Cinnamon ni karibu GB 3. Ndiyo maana sisi huku Iringa tunapeana mkono kwa mkono, mmoja akipakua tunakopi wengi. Lakini mkipeana, hakikisheni kwa sha256sum (amri inayotoa namba ya utambulisho wa faili) na mlinganishe na namba iliyoko kwenye tovuti ya Mint. ISO iliyokatika katikati inaweza kuwaka, ikakufia kwenye asilimia 80 ya kufunga. Na iliyochezewa na mtu hutaijua kwa macho.

#16 Mzee_wa_Tukuyu
Mmenikumbusha mbali. Sisi Ubuntu tuliipata kwa posta. Kuanzia 2004 kampuni yake ilikuwa inatuma CD bure dunia nzima, unajaza fomu mtandaoni, unasubiri wiki kadhaa, bahasha inafika sanduku la posta. Huduma ile waliisitisha 2011. CD moja ilizunguka Tukuyu mpaka Kyela, ikikwaruzika tunaisafisha kwa dawa ya meno. Na ilikuwa inawaka kutoka CD bila kugusa Windows, kama hizi flashi zenu.

Mwaka huo huo wa 2004 ilitoka pia Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Niliwafundishia watu wazima kuandika barua. Walijifunza kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona kwa Kiingereza. Natamani kazi ile ingeendelezwa kwa nguvu.

#17 BaridiYaMakete
Ndaga mzee. Kumbe baridi ya Tukuyu haikuzizuia CD zenu, ila ya Uyole ndiyo inabisha.

#18 Fundi_Mafiati
Makete mna shilingi yenu kwenye hiyo baridi, hamuachi mpaka mtu akubali.

#19 Ipogolo_Boy
Kabla MwanaUyole hajaanza kuzimazima vitu kwenye BIOS, naomba asikilize. Mashine nyingi za Windows 10 na 11 zina BitLocker (kufuli la kusimba diski) imewashwa kimya kimya. Ukigusa Secure Boot (ulinzi wa kuwasha) au mpangilio wa kubuti, asubuhi Windows inadai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa laptopu za mtumba hii ni hatari zaidi: kuna mteja wangu mmoja, mwalimu, ufunguo wake ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtu wa kwanza aliyeimiliki, huko ng'ambo. Hakuna wa kumpigia. Mitihani ya kidato cha nne aliyokuwa ameandaa ikabaki humo humo.

Fungua Windows, tafuta BitLocker au usimbaji wa kifaa. Kama umewashwa, uandike ufunguo kwenye karatasi au uuzime kabisa usubiri umalize. Halafu ndiyo uingie BIOS.

#20 Ulanzi_Network
Wote mnazunguka. Ni apdeti ya Windows. Ile ya Agosti 2024 iliua Linux za watu dunia nzima.

#21 Chuo_Iyunga
@Ulanzi_Network ile ya tarehe 13 Agosti 2024 ni kweli ilitokea. Ilileta orodha ya SBAT ya kukataa vibuti vya zamani vyenye tundu la usalama, ikagusa hata mashine zenye mifumo miwili ambazo hazikukusudiwa. Lakini ile ilikuwa inaandika kosa kwenye skrini na kuzima mashine. Kwa huyu hakuna kosa lolote, na apdeti ile haikuwa inachagua siku. Pia Mint 22 ina shim (kibuti cha kwanza) mpya.

Na #1 nirekebishe kidogo: Windows 10 ina mpango wa apdeti za nyongeza kwa watu binafsi, unaoishia Oktoba 2026. Ni wa kujiandikisha, hauji wenyewe.

#22 Ulanzi_Network
Sawa, siyo ile ya Agosti. Lakini Windows ikipata apdeti kubwa inajiweka ya kwanza kwenye foleni. Hilo utalikataa?

#23 Chuo_Iyunga
Hilo silikatai. Ila foleni ikipangwa upya, jina la Mint linabaki kwenye orodha, linashuka tu. Yeye anasema halipo.

#24 MwanaUyole
Wakuu nimerudi. Nimemsikiliza Ipogolo_Boy kwanza: BitLocker ilikuwa imezimwa, nimeshukuru Mungu.

efibootmgr -v inaonyesha Mint imeelekezwa kwenye patisheni ya EFI ya SSD ya nje, siyo ya ndani. Mkwawa_Admin, folda ya BOOT ilikuwepo lakini ndani yake kulikuwa na faili moja tu la kurudishia mipangilio, BOOTX64.EFI haikuwemo. Nimefunga GRUB kwa --removable, sasa imo. Nimezima Fast Startup ndani ya Windows na Fast Boot ndani ya BIOS. Nimebadilisha waya na kuhamia tundu la upande wa kushoto. Na kwa kuwa fundi alikuwa ameshafungua mfuniko, amebadilisha na CR2032.

Inawaka. Wiki nzima haijagoma, kijana akitangulia au nikitangulia mimi.

#25 Kiazi_Mviringo
Betri! Nilisema tangu #2.

#26 Fundi_Mafiati
Waya na tundu.

#27 Mkwawa_Admin
Jamani, amekuta BOOTX64.EFI haipo. Ushahidi gani tena mnautaka?

#28 Fundi_Mafiati
Na kama haikuwepo, jina lilikuwa linarudi kwa njia ipi? Hilo swali kuhusu jibu lako la #9 hujalijibu. Shida ni kwamba mkuu amebadilisha vitu sita kwa mpigo. Ningependa abadilishe kimoja, apime siku kadhaa, ndipo ahamie kingine. Sasa hakuna anayejua dawa ni ipi, na mwenye tatizo kama hili akija kesho atalazimika kununua betri, waya na kava.

#29 Mkwawa_Admin
Kujibu hilo: akiwa Mint akapata apdeti ya GRUB, mfumo unaandika upya mstari wake kwenye NVRAM. Inawezekana ndiyo iliyokuwa inaurudisha. Mkuu, unakumbuka kama jina lilirudi baada ya apdeti?

#30 MwanaUyole
Sikufuatilia hilo. Ninachokumbuka ni kwamba mara nyingine nilichomoa diski, nikachomeka tena, nikaita orodha, jina likawepo. Hapo sikuwa nimeingia Mint kabisa.

#31 Fundi_Mafiati
Kuchomoa na kuchomeka. Haya.

#32 Mkwawa_Admin
Naomba basi uturudishie mambo nyuma kidogo kwa faida ya wengine, ukipata siku isiyo na wateja wengi. Rudisha waya wa zamani na tundu la zamani, vingine viache. Ikigoma, Fundi ameshinda na nitasema hapa hapa. Isipogoma, tunaondoa waya kwenye orodha.

#33 MwanaUyole
Jumapili nitafanya. Wiki hii wanafunzi wanajaza fomu, siwezi kuhatarisha.

#34 Mlowo_Stendi
Habari za humu. Mimi nina laptopu ya zamani zaidi yenu, 32-bit, RAM GB 1. Mint inakataa hata kuanza. Nifanyeje?

#35 Chuo_Iyunga
@Mlowo_Stendi Mint 22 ni ya 64-bit pekee. Kati ya Mint, iliyobaki na 32-bit ilikuwa LMDE 6 (Mint iliyojengwa juu ya Debian), toleo la 7 limeiacha. Debian 12 ina kisakinishi cha 32-bit, Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena. Kwa GB 1 jaribu antiX au Puppy ya 32-bit. Puppy inajipakia yote kwenye RAM, kwa hiyo hata kwenye flashi ya USB 2.0 itakwenda. Kagua kwanza prosesa, kuna mashine zina Windows ya 32-bit wakati prosesa yenyewe ni 64. Tuandikie namba yake hapa.

#36 Mlowo_Stendi
Shukrani. Nimeandikiwa Atom N270.

#37 Chuo_Iyunga
Hiyo ni 32-bit kweli. Anza na antiX, ukikwama rudi na uandike inasimamia wapi.